FUNDI WA MTANDAO ASOMESHWE HUKU HUKU KASKAZINI



Siku ya mshahara mfanyakazi wa Palma au Mocímboa da Praia hupanga foleni benki, au kwa wakala wa M-Pesa, halafu huambiwa maneno ambayo sasa tumeyazoea: "Hakuna sistema." Hurudi nyumbani mikono mitupu, na kesho yake hupoteza nusu siku nyingine ya kazi. Wengi wetu hudhani sistema ni kitu kama mvua, huja na kuondoka chenyewe. Sivyo. Sistema ni kazi ya mikono na akili ya wafanyakazi wenzetu, na kazi hiyo ina elimu yake. Makala haya yanahusu elimu hiyo, nani anaipata na nani haipati, na kwa nini chama kisiwaachie waajiri peke yao jambo hili.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Wazee wetu wa Kimakonde waliovuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika waliyajua marobota ya katani. Robota likitoka kiwandani lilipigwa alama ubavuni. Kuli wa stesheni hakuwa na haja ya kulifungua, wala kusoma barua ya mnunuzi wa Ulaya. Alitazama alama tu, akajua liingie behewa gani. Mitandao ya makampuni makubwa ya mawasiliano hufanya kazi karibu namna hiyo. Maneno yako ya simu, salio lako la M-Pesa, hesabu za benki, vyote hukatwa kuwa vifurushi vidogo vidogo, na kila kifurushi kina anwani ya kule kiendako. Kwa utaratibu wa kawaida, kila mtambo wa njiani, ambao mafundi huuita ruta, husoma anwani hiyo upya na kupekua orodha kubwa ya njia. Kwa utaratibu wa lebo, ruta ya mlangoni husoma anwani mara moja, hubandika lebo yenye namba, na ruta zinazofuata hutazama namba peke yake. Kila moja huondoa namba iliyokuja nayo na kuweka nyingine ambayo jirani yake anaifahamu. Karibu na mwisho wa safari lebo hubanduliwa.

Utaratibu huu mafundi huuita kwa herufi nne, MPLS. Kanuni zake za msingi zilitolewa Januari 2001 na IETF, jumuiya ya wahandisi wanaoandika kanuni za intaneti. Namba za lebo zipo zaidi ya milioni moja. Jambo la kuangalia ni kwamba lebo namba 30 kwenye ruta hii si lebo namba 30 kwenye ruta ile; maana yake ni mapatano ya majirani wawili tu. Hapo ndipo mtu asiyefundishwa hupotea. Anaona taa zinawaka, waya mzima, na bado vifurushi havifiki, kwa sababu majirani wawili wameacha kupatana juu ya namba.

Makampuni yanaupenda utaratibu huu kwa sababu mbili. Waya mmoja hubeba benki, serikali na wachimbaji wa gesi bila mmoja kuchanganyika na mwingine. Pia fundi anaweza kuandaa njia ya akiba mapema, ili njia kuu ikikatika vifurushi vigeuzwe upesi kuliko mtu kupepesa jicho. Kanuni za jambo hilo zilitolewa mwaka 2005. Lakini njia ya akiba haijichongi yenyewe. Lazima waya wa pili uwepo, na lazima awepo mtu aliyejua kuiandaa na kuijaribu kabla ya shida kufika.

Shida sisi tumeziona. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga pwani kaskazini ya Pemba, kikaharibu Ibo na Macomia, umeme na simu vikakatika. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa, mawasiliano yakakatika, na watu wakakimbia baharini na porini bila kujua ndugu zao wako wapi. Nimesikia mikutanoni watu wakisema kwamba mafundi wenye elimu wangeiokoa Palma isipotee hewani. Hayo si kweli, na tusiwadanganye wanachama. Mnara usio na umeme hauna lebo wala kifurushi, na hakuna kozi inayozuia bunduki.

Swali la haki ni hili: baada ya moto kuzimika, nani anarudisha mawasiliano, na kwa siku ngapi?

Fundi mmoja wa Mocímboa da Praia, ambaye hatutamtaja yeye wala mwajiri wake, alinieleza mambo yake. Kwa miaka 9 alipanda minara, akatia mafuta jenereta, akaunga waya. Mashambulizi yakamkimbiza hadi Pemba, akarudi mwaka 2022. Katika muda wote huo hakupelekwa kozi hata moja ya ruta. Ruta ikigoma, kazi yake ni kupiga simu Maputo na kusubiri. Kutoka Pemba mpaka Maputo kwa barabara ni zaidi ya kilometa 2,000. Wakati mwingine mhandisi hurekebisha akiwa huko huko, lakini mtambo ukiwa umejifungia kabisa, lazima mtu aje kwa ndege. "Mimi nashika kitasa," aliniambia, "ila ufunguo uko kwa mwingine." Na anayekuja kwa ndege hulipwa posho ya safari ambayo ingetosha kumsomesha huyu aliyepo.

Tofauti ya aliyeandaliwa na asiyeandaliwa ilionekana tarehe 12 Mei 2024. Mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika siku moja, na intaneti ikazorota kuanzia kwetu Msumbiji mpaka Tanzania na Kenya. Kampuni iliyokuwa imekwisha kununua nafasi kwenye mkongo mwingine, na yenye mafundi wa kuzigeuza njia, iliwarudisha wateja wake mapema. Iliyokuwa haina ilisubiri meli ya matengenezo.

Sasa elimu hii inapatikana wapi? Zamani jirani zetu wa Afrika Mashariki walikuwa na utaratibu ulioeleweka. Mwaka 1948 ilifunguliwa shule ya mafundi wa posta na simu huko Mbagathi, karibu na Nairobi, kwa ajili ya nchi zote za huko. Ilikuwa shule ya mwajiri mwenyewe, na fundi alisomea kazi aliyokuwa tayari nayo. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 shule ilibaki Kenya, na leo ni chuo kikuu.

Siku hizi vyeti vinavyotambuliwa zaidi hutolewa na watengenezaji wa mitambo. Mfano ni kampuni ya Cisco ya Marekani. Mwaka 2020 ilipopanga upya vyeti vyake, mtihani mkuu wa wahandisi wa makampuni ya mawasiliano, ambao ndani yake yamo mambo ya lebo, uliwekewa bei ya dola 400, na baada yake kuna mtihani wa pili wa dola 300. Cheti hudumu miaka 3, kisha hufanyiwa upya. Kwa bei ya dola ya mwaka 2023, mtihani ule wa kwanza peke yake ni zaidi ya metikali 25,000. Mchuma korosho ajipigie mwenyewe hesabu ni miezi mingapi. Tena ukishindwa, ada hairudi. Na lugha ni Kiingereza, wakati kijana wetu amesoma shule kwa Kireno na nyumbani anasema Kimwani, Kimakonde au Kiswahili. Amebeba mzigo mara mbili kabla hajaigusa ruta.

Ipo njia nyingine, na hii napenda tuitangaze. Tangu mwaka 2000 wahandisi wa Afrika wana umoja wao, AfNOG, ambao umekuwa ukiendesha kozi za vitendo katika nchi mbalimbali. Maputo waliwahi kuja mwaka 2005, na Dar es Salaam mwaka 2011. Walimu wengi ni mafundi wa Afrika wenyewe, na mwanafunzi hukaa mbele ya mtambo, haimbishwi maneno ubaoni. Wanayofundisha juu ya kuongoza njia ndiyo msingi wa lebo. Asiyejua njia hawezi kujua lebo. Hali kadhalika zipo programu za bure zinazoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa ruta kadhaa za mazoezi. Tangu mwaka 2015 mfumo wa Linux wenyewe unaweza kusukuma vifurushi kwa lebo. Maana yake ni kwamba kompyuta mbili kuukuu, umeme wa uhakika na mtu mmoja anayejua vinatosha kuanzisha darasa la jioni Pemba au Mocímboa. Hatuhitaji jengo la ghorofa.

Waajiri wana hoja yao, na si ya uongo yote. Husema: nikimsomesha fundi, kesho atachukuliwa na kampuni ya gesi kule Afungi kwa mshahara mara mbili. Kwa hiyo humwekea mkataba wa kumfunga, kwamba asiondoke kwa miaka kadhaa au alipe gharama. Mimi sipingi mkataba huo moja kwa moja, maana gharama ni gharama. Ninaopinga ni ule unaomfunga fundi miaka 3 na kumwacha kwenye mshahara ule ule wa kutia mafuta jenereta. Deni lipungue kila mwezi anaofanya kazi, mshahara upande siku anapofaulu, na cheti kiwe mali yake, kisifungiwe kabatini kwa meneja.

Sheria nayo inatupa pa kushika. Sheria ya Kazi Na. 23 ya 2007 ilimtaka mwajiri aandae mazingira ili Wamsumbiji wenye ujuzi waingie katika kazi ngumu zaidi za kiufundi. Sheria Na. 13 ya 2023, iliyochukua nafasi yake, inaendelea kuweka ukomo wa wageni: penye wafanyakazi zaidi ya 100, wageni wasizidi asilimia 5. Lakini kuhesabu vichwa hakutoshi. Kampuni inaweza kuwa na Wamsumbiji 95 kati ya kila 100, na nywila zote za ruta zikawa mikononi mwa wale watano. Kamati ya chama inapokagua iulize nani ana ruhusa ya kuingia kwenye mtambo, si nani ana kofia ya kampuni tu.

Mitambo mipya inaponunuliwa, mara nyingi mkataba wa ununuzi huwa na nafasi za mafunzo kutoka kwa muuzaji. Nafasi hizo hugawanywa makao makuu, na sisi wa kaskazini husikia zimekwisha. Kwa hiyo kabla ya mazungumzo ya mkataba wa pamoja, wajumbe katika makampuni ya mawasiliano, mabenki na bandari wadai kwa maandishi orodha ya mafunzo ya miaka mitatu iliyopita: nani alikwenda, kutoka wilaya gani, wanaume wangapi na wanawake wangapi, ada ya mtihani ililipwa na nani. Orodha ikipatikana, iletwe ofisi ya chama Pemba pamoja na majina ya mafundi wa Palma, Mocímboa, Mueda na Macomia ambao hawajapelekwa kozi yoyote. Mwajiri akikataa kuitoa, barua yake ya kukataa nayo iletwe.