Je, Wajua? Jeni za uvimbe hueleza mengi kuhusu saratani ya utumbo kwa vijana

Saratani ya utumbo mpana ikimpata mtu kabla ya miaka 50, daktari ana sababu ya kuchunguza jeni. Jeni za MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2 husaidia kusahihisha makosa ya DNA seli zinapogawanyika. Aliyezaliwa na hitilafu katika mojawapo ana sindromu ya Lynch, na kila mtoto wake ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi.

Ajabu ni hii: uvimbe uliojaa makosa hayo, ukigunduliwa kabla haujasambaa, mara nyingi huwa na matumaini zaidi kuliko mwingine, kwa kuwa kinga ya mwili huutambua. Mwaka 2022 watafiti wa New York walitangaza kwamba wagonjwa 12 wa kwanza wa saratani ya puru ya aina hii walitibiwa kwa dawa ya kinga iitwayo dostarlimabu, na uvimbe ukatoweka kwa wote! Kinyume chake, badiliko la V600E katika jeni ya BRAF, ugonjwa ukishasambaa, huashiria hatari kubwa.

Lakini kwa mkazi wa Kafutuma, ufukweni mwa Ziwa Mweru nchini Zambia, hospitali ya saratani iliyofunguliwa mwaka 2007 iko mbali, Lusaka. Kijana anayetokwa damu chooni huenda akatibiwa kichocho au bawasiri kwanza. Damu isipokoma, aombe rufaa ya kupimwa utumbo kwa kamera, na amweleze daktari ni nani katika ukoo, kuumeni na kukeni, aliyeugua saratani ya utumbo au ya mji wa mimba, na akiwa na umri gani.