Mlingoti Kwanza, Ungo Baadaye

Wekeni kalamu na daftari tayari. Leo tutasoma habari za ungo wa televisheni, ambao wengine huuita dishi: jinsi unavyofungwa, jinsi unavyoinuliwa, na jinsi ya kutafuta kosa picha ikipotea.

Tuseme unakaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Jioni kuna mpira. Wageni wamekwisha kuketi. Ghafula picha inakatika. Kijana mmoja anapanda juu na kuusukuma ungo huku na huku. Mwingine anapiga kelele dirishani: "Bado! Rudisha! Imepita!" Saa nzima inakwisha. Picha haikurudi, na sasa hakuna ajuaye ungo ulielekea wapi hapo mwanzo. Kosa lilikuwa dogo. Wao wamelifanya kubwa.

UNGO UNATAZAMA NINI?

Setilaiti ni chombo kilichorushwa angani. Zile za televisheni hukaa juu ya mstari wa Ikweta, mbali kiasi cha kilometa 36,000. Huzunguka pamoja na dunia, mara moja kwa siku. Kwa hiyo sisi twaziona kama zimesimama mahali pamoja, na ungo wetu nao husimama.

Setilaiti iliyo kwenye nyuzi 7 Mashariki iko juu ya bahari, karibu na kisiwa cha São Tomé, upande wa pili wa Afrika. Ili kuitazama kutoka Kariakoo, ungo huelekezwa magharibi na kaskazini kidogo, na huinuliwa nyuzi 52 hivi. Lakini setilaiti iliyo kwenye nyuzi 36 Mashariki iko karibu juu ya vichwa vyetu. Hiyo hutaka nyuzi 81 hivi. Basi usimwige jirani bila kuuliza. Huenda ungo wake unatazama setilaiti nyingine.

Sasa tufanye hesabu. Ungo wako una upana wa sentimeta 60. Ukingo wa juu ukisogea sentimeta 1 tu kuliko ule wa chini, ungo umeinama kwa karibu nyuzi 1. Ni kidogo, sivyo? Lakini kule juu, nyuzi 1 ni zaidi ya kilometa 600. Ndiyo sababu ungo hausukumwi kwa nguvu kama mlango uliokwama.

Tena, usidanganywe na macho. Ungo mwingi wa nyumbani hutazama juu zaidi kuliko uso wake unavyoonyesha. Ukiuona umeinuka kidogo tu, usiseme umekosea. Fuata namba zilizo kwenye bamba la nyuma.

TAFUTA KOSA KWA DALILI ZAKE

Kwanza, picha yote imekatika. Usipande juu bado. Tazama waya nyuma ya king'amuzi. Je, umelegea? Kiungo cha waya kina kutu au maji? Makosa mengi huanzia hapo.

Pili, picha hukatika upepo unapovuma. Kosa liko kwenye ufungaji. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na chumvi hula nati na boliti. Ungo uliofungwa kwenye bati la paa hutikisika pamoja na bati. Afadhali mlingoti ufungwe ukutani, penye zege au tofali imara.

Tatu, picha hukatika wakati wa mvua. Mvua kubwa ya masika hudhoofisha mawimbi. Hapo hakuna kosa, ngoja ipite. Lakini kama manyunyu tu yanaiondoa picha, ungo hautazami setilaiti sawasawa.

Nne, nati ya kuinulia imefika mwisho wa mfereji wake, na ungo bado unataka kupanda. Usiulazimishe, wala usipinde chuma. Huenda mlingoti umeinama, au kishikio kimefungwa juu chini. Rekebisha hapo, na huenda nyuzi zitatosha.

Tano, ungo ulikuwa mzima mwaka jana na haujaguswa, lakini sasa hauoni kitu. Inua macho. Siku hizi Kariakoo imejaa maghorofa. Kwa ungo ulioinuliwa nyuzi 52, jengo lililo mita 10 mbele yake huziba likiuzidi kwa mita 13 hivi. Hapo spana haina dawa, hamisha ungo.

NAMNA YA KUREKEBISHA

Anza na mlingoti. Chukua timazi, yaani kamba yenye kitu kizito mwishoni. Ining'inize kando ya mlingoti, utazame upande wa mbele, kisha upande wa kushoto. Mlingoti uwe wima pande zote mbili. Ukiwa umeinama, kila uugeuzapo ungo magharibi, unaushusha au kuupandisha bila kukusudia. Unatengeneza kosa moja na kuzaa jingine.

Kisha piga alama kwa kalamu ya wino mahali ungo ulipo sasa. Ukipotea njia, utarudi hapo.

Legeza nati kidogo tu. Sogeza jambo moja kwa wakati: kuinua, au kugeuza, si yote mawili. Sogeza kidogo, kisha ngoja king'amuzi kisome. Mwenzako aliye chini akusomee namba ya ubora, si ya nguvu peke yake, kwa maana nguvu yaweza kutoka kwa setilaiti nyingine.

Ubora ukipanda, endelea mpaka uanze kushuka, ndipo urudi penye namba kubwa kuliko zote. Mwisho kaza nati zamu kwa zamu, huku ukitazama namba. Kukaza nako husogeza ungo.

HATARI

Usipande wakati wa mvua, radi au giza. Usipande peke yako. Usikanyage bati lililooza. Mlingoti wa chuma ukigusa waya wa umeme, unaua. Nyaya zikipita karibu na paa lako, mwite fundi. Mpira utachezwa tena; mtoto wa mtu harudi.

Kwa ufupi: waya kwanza, kisha mlingoti, kisha ungo. Asemaye "ungo mbovu" kabla ya kutazama mlingoti hulipa fundi mara tatu.

MASWALI

1. Kwa nini ungo wa jirani si kipimo cha wako?
2. Timazi yatumika kwa kazi gani?
3. Nati ikifika mwisho wa mfereji, utafanya nini?
4. Andika kwa maneno yako hatari mbili za kupanda paani.

MANENO YA LEO

King'amuzi: chombo kigeuzacho mawimbi kuwa picha na sauti.
Mlingoti: nguzo inayoshika ungo.
Wima: kusimama bila kuinama.

Someni tena kwa sauti, na anayejua zaidi amsaidie mwenzake. Kwa herini.