Mbwa wa Kuwinda, Bata Mwitu na Maji ya Bamvua

Ndugu zetu walioko Uingereza, pwani ya Morecambe, huuliza: bata aliyetolewa majini na mbwa analiwa?

Tunasema: akipigwa kwa Bismillahi, mbwa akamleta yungali hai, achinjwe, ni halali. Akiangukia majini akafa, isijulikane kilichomuua ni marisau au maji, asiliwe; ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha Adiy bin Hatim kuhusu mshale. Palipoguswa na mate ya mbwa paoshwe mara saba, moja kwa udongo.

Wakati wa bamvua, maji yakipwa, mkondo humvuta mbwa hadi bahari kuu. Asitumwe, wala mwenyewe asimfuate. Bata halingani na roho ya mtu, na mnyama naye ni amana.

Wallahu aalam.