Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Takwimu Zapima Methali Mkoani Kagera

Wahenga walituachia methali mbili zisizoafikiana juu ya ugeni. Ya kwanza yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yaonya: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Je, ipi ni ya kweli? Katika makala haya tutaona jinsi elimu ya takwimu inavyoweza kulijibu swali la namna hiyo, kwa kutumia jambo lililotukia katika nchi yetu wenyewe.

Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara. Wakimbizi wa Burundi walikwisha kuanza kuingia tangu mwaka 1993. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa uliozuka porini, na athari za ugeni huo zikaenea hadi wilaya jirani ya Biharamulo. Wengi wa Wanyarwanda hao walirejea kwao Desemba 1996. Lakini wenyeji walibaki na swali: je, ugeni huo uliwaponya au uliwaumiza?

Kwa bahati njema, kipimo kilikwisha kuwekwa kabla ya wageni kufika. Kati ya mwaka 1991 na 1994 Benki ya Dunia na chuo cha tiba cha Muhimbili walihoji zaidi ya kaya 900 za mkoa wa Kagera, hasa ili kupima madhara ya vifo vya UKIMWI kwa uchumi wa kaya. Watu hao walitafutwa tena mwaka 2004 na mwaka 2010.

Sampuli mbili

Tuanze na njia iliyo rahisi. Chukua kundi la vijana waliokulia karibu na kambi na kundi la waliokulia mbali nazo, kisha linganisha wastani wa urefu wao. Mtaalamu wa uchumi Javier Baez, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, alikadiria kwamba kukabiliwa na ujio huo utotoni kulipunguza urefu wa ukubwani kwa sentimita 1.8. Je, tofauti ndogo kiasi hicho haiwezi kuwa ya nasibu tu?

Hapa ndipo tunapoweka nadharia tete: tunachukulia kwanza kwamba hakuna tofauti yoyote, kisha tunauliza kama data zinatulazimisha kuiacha dhana hiyo. Twagawanya tofauti ya wastani kwa kosa sanifu lake, yaani kiasi ambacho tofauti hiyo ingeyumba kwa nasibu tu kutoka sampuli moja hadi nyingine. Jibu huitwa t. Njia hii yatokana na kazi ya William Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyeichapisha mwaka 1908 kwa jina la siri la "Student".

Tufanye hesabu ya mazoezi. Tuchukulie kwamba mchepuko sanifu wa urefu ni sentimita 8 katika kila kundi. Tukipima vijana 25 kila upande, kosa sanifu ni 8 mara kipeuo cha pili cha 2/25, yaani 2.26. Hivyo t ni 1.8 gawanya kwa 2.26, sawa na 0.80. Kwa desturi, tofauti huhesabiwa kuwa na uzito pale t inapozidi 2 hivi. Kwa hiyo hatuna sababu ya kuiacha nadharia tete. Sasa tupime vijana 400 kila upande. Kosa sanifu lashuka hadi 0.57, na t yafikia 3.18. Tofauti ni ile ile ya sentimita 1.8, kilichobadilika ni wingi wa ushahidi. Yafaa mwanafunzi akumbuke kwamba kusema "hatukuona tofauti" si sawa na kusema "tofauti haipo".

Mstari ulionyooka

Lakini kugawa vijiji kuwa vya "karibu" na vya "mbali" kwapoteza habari nyingi, kwani kijiji kilicho kilomita 10 kutoka kambini si sawa na kilicho kilomita 40. Basi twaandika y = a + bx, ambapo x ni umbali na y ni kile tunachokipima. Namba b ni mwinamo wa mstari: yaonyesha y hubadilika kiasi gani kwa kila kilomita moja. Nayo hupimwa vivyo hivyo, kwa kuigawanya kwa kosa sanifu lake.

Njia hizi mbili ni ndugu wa damu. Ukiweka x kuwa 0 kwa walio mbali na 1 kwa walio karibu, b itakuwa sawasawa na tofauti ya wastani wa makundi mawili, na t itakuwa ile ile, iwapo twachukulia kwamba makundi yana mtawanyiko sawa.

Tahadhari

Hata hivyo, t kubwa haitaji sababu. Bukoba na Muleba, zilizo kando ya Ziwa Victoria, hazikuwa sawa na Ngara hata kabla ya 1994. Ndiyo maana data za awali zina thamani kubwa. Kwanza twatafuta badiliko la kila upande kutoka kabla hadi baada. Kisha twatoa badiliko la walio mbali katika badiliko la walio karibu. Kinachobaki ndicho kinachoweza kuhusishwa na ugeni, iwapo pande zote mbili zingalibadilika sawasawa bila ugeni huo.

Kwa kulinganisha namna hiyo, Baez alikuta kwamba watoto waliumia: mbali na urefu, masomo yao yalipungua kwa miaka 0.2. Lakini Jean-François Maystadt na Gilles Duranton, waliotumia data za mkoa huo huo hadi mwaka 2010, walikuta kwamba matumizi ya kaya za wenyeji yaliongezeka, hasa kwa sababu barabara zilizojengwa zilipunguza gharama za usafiri. Na katika uchunguzi mwingine uliotoka mwaka 2014, Maystadt na Philip Verwimp walionyesha kwamba vibarua wa mashambani ndio walioumia zaidi, ilhali wakulima wenye mashamba yao walikuwa katika nafasi bora ya kufaidika.

Matokeo haya hayapingani. Mtoto aliyeugua mwaka 1994 na mkulima aliyepata barabara wanaweza kuwa wa kijiji kimoja, hata wa nyumba moja. Methali zote mbili zilikuwa na ukweli wake, kila moja kwa watu wake. Kwa hiyo, mwalimu, wanafunzi wako wakikuletea wastani, waulize kwanza ni wastani wa nani, ulipimwa lini, na unalinganishwa na nini. Kisha ndipo waanze kukokotoa t.