Mzinga hufungua njia, askari wa miguu ndiye anayeishika

Vita vya Kagera vinapotajwa, sifa humiminiwa Saba Saba, mtambo wa makombora wa BM-21 uliotumiwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Sifa hizo zina msingi. Mtambo huo hubebwa na lori lenye mirija 40, kila mrija ukiwa na kombora la milimita 122, na yote huweza kurushwa ndani ya sekunde zipatazo 20 hadi umbali wa kilomita 20. Hata hivyo, anayeisoma historia ya vikosi vya mizinga kwa makini ataona kuwa mizinga haikuwahi kuteka eneo lolote. Ilifungua njia, ikazidisha hofu, kisha ushindi ukategemea askari wa miguu. Wachimbaji wa dhahabu wa Bugarama hawatashangaa: baruti hupasua mwamba, lakini dhahabu haipatikani mpaka watu washuke kwenye duara, yaani shimo la mgodi, watoe mawe na kuyafikisha kwenye karasha ya kuyasaga.

Ushahidi unaanzia Mto Kagera. Majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivamia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, na mwanzoni mwa Novemba yakalipua daraja la Kyaka juu ya mto huo. Makombora ya Tanzania yakavuka mto kabla ya majeshi yake, lakini ardhi iliyovamiwa ilirudi mikononi mwetu pale tu askari wenyewe walipouvuka. Ndivyo ilivyo kazi ya mizinga. Mpiga mzinga mara nyingi haioni shabaha yake, kwa hiyo anamtegemea mwangalizi aliye mbele amweleze kombora limeangukia wapi. Nao mtambo wa makombora, ukishafyatua, moto na moshi huonyesha ulipo. Wahudumu wake wasipohama upesi, wao ndio wanaogeuka shabaha.

Wapo watakaosema kuwa jeshi la Amin lilikimbia kwa kusikia mvumo wa Saba Saba tu, hivyo mtambo huo ndio ulioshinda vita. Hofu ilikuwa silaha kweli, lakini haikuwa ya upande mmoja. Huko Lukaya, nchini Uganda, tarehe 10 Machi 1979, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walirusha makombora ya aina hiyo hiyo dhidi ya Brigedi ya 201 ya Tanzania. Mengi yalipita juu ya vichwa vya askari bila kuwadhuru, lakini wengi wao, wakiwa wageni wa vita, walivunja safu na kurudi nyuma. Kama hofu ingetosha, Lukaya ingebaki mikononi mwa Walibya. Badala yake Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ilitembea usiku ikaifikia barabara ya Kampala, na kesho yake adui akabanwa pande mbili.

Hoja nyingine ni kwamba mizinga huokoa maisha ya askari, basi itumike bila kusita. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili inajibiwa na Masaka. Mnamo Februari 1979 mji huo ulipigwa mizinga usiku kutoka pande tatu kabla askari hawajaingia, na ulibaki magofu. Vita vile vilikuwa pia vya Waganda kwa Waganda, maana wapiganaji Waganda waliompinga Amin, wa Tito Okello na David Oyite-Ojok, waliandamana na jeshi letu. Kwao, kila nyumba iliyoanguka ilikuwa ya nchi waliyokuja kuikomboa.

Somo hilo lilijirudia mbali na Kagera. Mwaka 2013, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mashariki mwa Kongo, Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda brigedi maalumu iliyoongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Ilikuwa na vikosi vitatu vya askari wa miguu na kikosi kimoja cha mizinga. Ilisaidia kuwaondoa waasi wa M23 kwenye vilima vya Kibati, kaskazini mwa Goma, lakini jeshi la Kongo ndilo lililolazimika kusonga mbele na kushika vilima hivyo.

Kwa hiyo anayeandika historia ya kikosi cha mizinga asiishie kuhesabu makombora. Aeleze nani aliyaelekeza, nani alisonga mbele baada yake, na raia gani walikuwa yalikoangukia. Wakongwe wa vita vya Kagera wanazidi kupungua. Tuwaulize hayo wangali hai.