Fahamu: Jinsi ya kuzuia na kudhibiti kisukari Nakivale na Mbarara

Kisukari si ugonjwa wa matajiri pekee. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hata mjini Mbarara, sahani mara nyingi hujaa posho, wali au matoke. Vyote ni wanga, na wanga hugeuka sukari mwilini.

Nini hutokea?
Homoni ya insulini huingiza sukari kwenye seli. Katika kisukari cha aina ya 2, mwili hushindwa kuitumia insulini hiyo vizuri. Sukari hubaki kwenye damu, ikadhuru macho, figo, moyo na miguu.

Dalili ni zipi?
Kiu kali, kukojoa mara kwa mara, uchovu na vidonda visivyopona. Wengine hawaoni dalili yoyote, ndiyo maana kipimo ni muhimu.

Ufanye nini?
Nusu ya sahani iwe mboga, kama dodo, robo maharage au samaki, robo posho. Punguza soda na sukari kwenye chai. Tembea kwa kasi dakika 30, siku 5 kwa wiki. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi kulipunguza hatari kwa asilimia 58 miongoni mwa waliokaribia kuugua.

Na aliyekwisha kuugua?
Afuate lishe hiyohiyo, akague miguu kila siku, wala asiache dawa kwa ushauri wa jirani. Mwenye kisukari cha aina ya 1 hawezi kuishi bila insulini.

Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe ukapime sukari mapema.