Kidole Hutangulia Sindano

Ndugu msomaji, keti kitako, kunja goti lako, kisha ulipapase pande zote mbili. Utagusa vifundo viwili vigumu, kimoja upande wa ndani, kimoja upande wa nje. Hivyo ni sehemu ya mwisho ya mfupa wa paja. Macho hayavioni vizuri, kwa maana ngozi na nyama zimevifunika. Lakini kidole chavitambua. Vifundo vya namna hii ni alama za njia katika mwili. Mganga huzitumia kama msafiri atumiavyo mti mkubwa wa njia panda: akiisha kuuona, ajua mto uko wapi na kijiji kiko wapi.

Watu wa Beni na Butembo walizihitaji sana alama hizi wakati wa msiba. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imezuka katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ulionekana kwanza upande wa Mangina, ukaingia Beni, ukafika Butembo na Katwa, ukaua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa mwisho wake tarehe 25 Juni 2020. Katika muda huo watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, na sindano ilichomwa katika msuli wa bega.

Je, mwuguzi ajuaje mahali pa kuchoma? Aliyefundishwa vema habahatishi. Kwanza hutafuta kwa kidole ukingo wa mfupa ulio juu ya bega, pale bega linapokoma na mkono kuanza kuteremka. Toka hapo hushuka upana wa vidole viwili au vitatu, akaufikia unene wa msuli. Akichoma juu mno, dawa yaweza kuingia karibu na kiungo, na bega likauma miezi mingi. Akichoma chini mno, aweza kujeruhi mshipa wa fahamu. Kosa la upana wa vidole viwili, basi, si dogo.

Labda mtu atasema: “Hayo ni mambo ya zamani, siku hizi mashine zatufanyia yote.” Haya, tuitazame mashine yenyewe.

Katika hospitali kadhaa za Ulaya na Marekani mna vyumba vya kupimia mwendo, hasa mwendo wa watoto wenye mtindio wa ubongo. Kamera nyingi huzunguka chumba. Mtoto hufungwa kibao chenye vipira vidogo juu ya paja, na kingine juu ya muundi. Vipira hurudisha mwanga, na kompyuta hukokotoa mahali pa kila kimoja. Lakini kamera haioni mfupa. Na kipira kikibandikwa juu ya kifundo cha goti chenyewe, ngozi huteleza kila mtoto apigapo hatua.

Mwaka 1995 Aurelio Cappozzo na wenzake wa Italia walieleza njia ya kulishinda tatizo hilo. Mtoto husimama kimya. Mpimaji hushika kijiti chenye vipira, ambacho umbali kutoka vipira hadi ncha wajulikana kamili. Hupapasa goti, na akipata kifundo huweka ncha hapo. Kompyuta huviona vipira vya kijiti, hukokotoa ncha iko wapi, na kukumbuka umbali wake na kile kibao cha paja. Kisha kijiti huondolewa, mtoto hutembea, nayo kompyuta yafuata kifundo ingawa hakina kitu juu yake.

Je, mkono ukikosea? Fanya hesabu: ikiwa vifundo viwili vya goti vimeachana sentimeta 10, na ncha ikawekwa sentimeta 1 mbele ya mahali pake, mstari unaoviunganisha hupinda karibu digrii 6. Kompyuta yaweza kusema goti lapinda upande, kumbe lakunjika sawasawa. Na daktari anayefikiri kumpasua mtoto huzitazama hesabu hizo! Hivyo mashine ya thamani kubwa yangoja kidole cha binadamu.

Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, chenye kitivo cha uganga. Kijana anayejifunza kazi hiyo hana haja ya kungoja kamera. Na ajipapase mwenyewe, kisha mnene na mwembamba, mtoto na mzee. Maana alama ni zile zile, ila zimefichwa kwa namna mbalimbali. Jina la mfupa lililokaririwa tu halimsaidii mgonjwa.

Nasi tunaochomwa tuna wajibu wetu. Siku ya chanjo usishushe ukosi wa shati tu; vua mkono wote, bega lionekane toka juu, kisha ulegeze mkono. Mwuguzi akikupapasa kabla ya kushika sindano, usimhimize kwa sababu watu ni wengi mlangoni. Anatafuta njia. Mwenda pole hajikwai.